Majike Watatu wa Kuazima

Walisema mbwa wangu hawatafikisha mvua ya pili. Mbwa mwenye manyoya marefu ya hariri, walisema, haishi Tabora; kupe watamaliza masikio yake kabla mimi sijamaliza kufungua mabegi. Walisema pia kwamba mtu aliyekaa nje miaka kumi na minne, akarudi na mbwa wawili badala ya gari, lazima kuna jambo analificha. Mzee mmoja wa ukoo wetu alinihesabia kwa vidole kazi za maana anazoweza kufanya mtu mwenye stashahada ya mifugo. Vidole vya mikono miwili vilikwisha, na kuzalisha mbwa wa ndege, wa kutafutia kwale na kanga porini, hakukuwamo.

Sikubishana nao. Nilikuwa najua ninachokijua. Leo naandika bila kuona haya kwamba katika mkoa wote huu hakuna mtu anayemjua mbwa wa ndege kama mimi, na kama yupo, ajitokeze tukutane shambani, si kwenye simu.

Kwetu mbwa ni wa kulinda nyumba au wa kufukuza sungura. Seta, mbwa wa asili ya Ulaya kama hawa wangu, ni mwingine kabisa. Ni mrefu, mwembamba wa kiuno, mwenye manyoya yanayoning'inia masikioni, nyuma ya miguu na mkiani. Kazi yake si kukamata. Kazi yake ni kunusa kwale au kanga aliyejificha kwenye majani, kisha kusimama. Anaganda pale pale harufu ilipomkuta, mguu mmoja umekunjwa hewani, mkia umenyooka, pua imeelekea ndege alipo, na hasogei mpaka bwana wake afike. Ndege naye hasogei, kwa sababu anadhani hajaonekana. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa na ndoo ya kinyesi mkononi, kwenye shamba la ngano huko kusini mwa Afrika, ambako niliajiriwa kuosha mabanda ya mbwa. Niliiweka ndoo chini. Mbwa mweupe mwenye madoa meusi alikuwa amesimama kwenye mabua kama kitu kilichochongwa, na upepo ulikuwa unayachezea manyoya ya mkia tu. Nilijiambia: hiki nitakijua mpaka mwisho.

Na nilikijua. Nilianza na sakafu. Mwaka wa tatu nikawa nawachana mbwa manyoya kabla ya maonyesho ya mbwa, na hakuna aliyenizidi kwa kuchana. Mwaka wa sita nilikuwa nawakimbiza ulingoni mbele ya mahakimu, nimevaa koti la kuazima na viatu vyangu mwenyewe. Mwaka wa tisa nilikaa pembeni ya hakimu nikimwandikia alama, nikajifunza mkono wake unapita wapi: kichwani, shingoni, begani, mbavuni, pajani, bila kuruka. Stashahada niliisomea jioni, ada nikailipa kwa mshahara wa kuosha mabanda, hakuna aliyenichangia hata kalamu. Mwisho nikapewa karatasi ya kuhukumu mbwa wa ndege uwanjani. Mtoto wa Tabora, aliyeondoka na cheti cha kidato cha nne, alikuwa anawaambia wenye mashamba makubwa mbwa wao wana kasoro gani, na wao wanasema asante.

Niliporudi nilikuja na dume na jike, wote weupe wenye madoa, kwa lori la mizigo kutoka Tunduma. Njia ya Rungwa ina mbung'o. Dereva alinionya tufunge vioo, na tulivifunga, lakini jike alikuwa anatapika kwa joto, nikafungua kidogo apate hewa. Wiki ya tano baada ya kufika macho yake yaliingia weupe wa bluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Mimi ni mtaalamu, niliijua nagana, ugonjwa wa mbung'o, nilipoiona, nikamchoma sindano siku hiyo hiyo. Nilichelewa. Nikamzika Kigwa, kijijini nje ya mji, kwenye kiwanja nilichonunua kwa ajili ya mabanda. Nyumba yangu ilikuwa Isevya, mjini, lakini jirani yangu pale, mtu wa swala tano, alikuwa amenieleza kwa adabu kwamba kila mbwa akimgusa kwa ulimi inambidi aoshe mara saba. Nilimwelewa, nikahamia Kigwa na mbwa wangu.

Kwa hiyo nikabaki na dume mmoja, na dume peke yake hazai.

Aliyekuja kunipa pole kwanza ni mtani wangu. Huyu ni Mgogo, mfanyakazi mstaafu wa njia ya reli, aliyekaa Kigwa kiasi kwamba anaongea Kinyamwezi bora kuliko vijana wetu. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kwenda pwani na kutozwa hongo ya njia kwa kila kisima. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani. Alisimama juu ya kaburi la jike wangu akatikisa kichwa.

"Mtumwa wangu, umetoka mbali kote huko na elimu yote hiyo, kuja kumwachia mbung'o mlo?"

Nilimwambia anyamaze au alete maji ya kuuza, maana ndiyo kazi pekee babu zake waliyoijua. Alicheka, akakaa, tukanywa chai. Jike wake mwenyewe alikuwa amemfuata, amelala kivulini. Ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo, mwekundu, mkia umejikunja, masikio yamekatwa ncha kama wakatavyo wawindaji. Nilipitisha mkono wangu wa hakimu kutoka kichwani mpaka pajani. Kifua kilikuwa kirefu, bega limelala vizuri, nyayo ngumu kama raba. Kupe wawili tu. Mbwa yule alizaliwa kwenye mbung'o, mama yake vile vile, na bibi yake. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile nisione kwamba nusu ya dawa niliyokuwa naitafuta ilikuwa imelala kivulini ikijilamba.

Nikamwomba aniazime jike wake, azae na dume wangu. Kwetu kuazima mnyama si jambo geni. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani baadhi, jirani akamue na atunze, na ndama wagawanywe. Wawindaji hufanya hivyo hivyo kwa mbwa. Anayeazima jike hulipa kwa mtoto. Mwenye jike anachagua wa kwanza, haulizwi kwa nini, na hakuna anayemchagulia. Na kuna sharti moja ambalo nililichukulia kwa wepesi wakati ule: kama mtoto aliyechukuliwa akionekana ana kasoro kabla hajatimiza mwaka, mwenye jike anaweza kumrudisha, na deni linakuwa kama halijawahi kulipwa. Atachagua upya, kutoka kwa wote utakaokuwa nao siku hiyo.

Mtani alinipa jike wake, akadai debe la mahindi juu yake kama hongo ya njia. Wa pili nilimpata kwa katekista wa kigango kimoja upande wa Goweko, mtu mpole, mwindaji wa kanga mwenye kibali, ambaye jike wake wa njano alikuwa na pua ya ajabu. Wa tatu alikuwa wa mama mmoja mjane, Mmoravian, mkulima wa tumbaku pale pale Goweko.

Mama huyu ndiye niliyemwogopa kidogo, na mimi siogopi watu. Alikuwa anasifika kwa kupanga madaraja ya tumbaku. Wakulima wa vijiji vitatu walimwita kabla ya soko, maana jani alilolipitisha yeye halikurudishwa. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku, marundo ya majani makavu yamemzunguka. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akaitikia bila kuinua macho. Nikaeleza shida yangu kwa urefu, nikataja na stashahada. Aliendelea kulichukua jani, kulinyoosha kwenye mwanga, kulisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kulinusa, na kulitupa kwenye rundo lake. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: jike wangu akifa kwako, utanilipa nini? Nikasema sina cha kumlipa, ila hatakufa. Akanitazama hapo. Akasema nimchukue, ndiye jike pekee aliyenaye, na mwivi wa mahindi asipobwekewa usiku nitajibu mimi.

Majike wote watatu walipata mimba mwaka ule. Siku sitini na tatu sikulala sawasawa. Walizaa watoto kumi na tisa. Kuhara damu kukachukua tisa kabla chanjo haijashika, na wale kumi waliobaki niliwalea kama mboni za macho. Walikuwa wazuri. Baadhi walichukua madoa ya baba na mkia wa mama, baadhi manyoya ya baba yaliyofupishwa na jua letu. Ukiwaona usingesema ni wa Ulaya wala wa Kigwa.

Wenye majike walikuja kuchagua. Kila mmoja alichukua dume mkubwa, kama wachaguavyo wote. Mama alichagua dume mwenye kifua kipana kuliko wote, akaacha kijike kidogo cha tumbo lile lile, chenye doa jeusi shingoni, kilichokuwa kikisukumwa na wenzake kwenye bakuli. Nikawarudishia na majike wao, wazima na wamenenepa. Nikajisifu kijiji kizima kwamba nimelipa. Wengine sita, madume watupu, niliwapeleka kwa wafugaji na walinzi wa mashamba. Kijike chenye doa nilikibakiza, kwa sababu hakuna aliyekitaka.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema kosa langu kwa kuwa nimeshalilipia. Niliwapa watu wale seta bila kuwaeleza seta anafanya nini. Nilidhani mbwa mzuri hujieleza.

Mwezi wa tisa wa umri wao, mtani alikuja asubuhi akiwa anaburuta dume wake kwa kamba. Hakutania, na hapo nikajua kuna jambo. Alisema walikwenda kutafuta kwale na wenzake watatu wa genge lake la zamani la reli. Mbwa alikimbia vizuri, akanusa, kisha akasimama akikodoa macho. Wakamhimiza. Hakwenda. Wakamtupia bonge la udongo. Hakwenda. Mmoja akasema mbwa amerogwa, mwingine akasema ameona nyoka. Mtani mwenyewe akampita kwa hasira, na kwale sita wakaruka usoni mwake akaanguka kwenye tuta. Mbwa bado kasimama.

"Umenipa mbwa anayeogopa kuku wa porini," aliniambia. "Huko ulikokaa ndivyo wanavyowinda, kwa kusimama na kusali?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikaanza kumweleza, lakini alikuwa ameshafunga kamba kwenye nguzo. Kabla ya juma kwisha katekista naye alimrudisha wake, kwa upole na kwa aibu, akisema wawindaji wenzake wamemcheka kwamba mbwa wake ni mlemavu wa moyo. Wa mama aliletwa na fundi baiskeli aliyekuwa anakuja Kigwa, pamoja na salamu fupi: mwoga simlishi.

Nilikuwa na madeni matatu yaliyofunguka kwa juma moja. Nisingelia kwa hilo, lakini lilikuwapo jambo zito zaidi. Dume wangu alikuwa anakaribia miaka tisa. Alikuwa ameanza kuamka kwa taabu asubuhi. Ningepata naye msimu mmoja zaidi, pengine, na kwa msimu huo nilihitaji majike wa kuazima. Nikatuma maneno. Wote watatu walikataa. Mtu aliyelipa kwa mbwa waoga haazimishwi tena jike, na habari ya namna hiyo kwetu hutembea haraka kuliko treni. Nikijumlisha yote niliyoyaleta kutoka kusini, damu ile ilikuwa inaelekea kukatika pale pale kwenye banda langu, mimi nikiwa nimeshika stashahada.

Nikawaita wote watatu Goweko. Niliwaambia sitaomba msamaha kwa mbwa wazuri. Nikawaomba siku moja tu, shambani, nikiwaongoza mbwa wale wale waliowarudisha, nao wakitazama. Atakayeona bado ni mwoga, nitampa mbuzi na hatanisikia tena. Nikaongeza kwamba mimi ni hakimu mwenye karatasi na nitawapa alama kwa haki.

Mtani aliinua mkono kama yuko darasani. "Yaani mshtakiwa, wakili na hakimu ni mtu mmoja. Mnyamwezi huyu kweli amesoma."

Walicheka, na alikuwa amesema kweli. Huko nilikojifunza hakimu haruhusiwi hata kumpapasa mbwa aliyemzalisha mwenyewe. Nikauliza basi nani ahukumu. Mtani akamnyooshea mama kidole, akasema mwenye macho yanayoona daraja la jani lililokauka ataona na daraja la mbwa. Katekista akaafiki. Mama alisema hana muda, kuna tumbaku. Kisha akauliza ni siku gani.

Nilikwenda kwake mara mbili kumfundisha. Nilimpelekea karatasi ya alama, nikamsomea: namna mbwa anavyokata uwanja upande huu na huu akielekea upepo, namna anavyosimama, namna anavyotulia ndege wakiruka. Alisikiliza huku akisugua majani. Mwisho aliniambia niiweke karatasi, ila nimweleze mbwa mwenye hofu anakaaje na asiye na hofu anakaaje. Nilifungua mdomo nikaona kwamba swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote huko kote. Nilimjibu kwa shida. Alisema ataona mwenyewe.

Ilikuwa baada ya mavuno ya karanga, kwenye shamba lake, kwale wanapokuja kuokota zilizobaki. Msimu wa kuwinda ulikuwa haujafunguliwa, kwa hiyo hatukubeba bunduki, filimbi tu. Upepo ulitoka mashariki, mwembamba na wa baridi, upepo ambao ningeuagiza kama upepo ungeagizwa. Nilikuja na mbwa wanne. Watatu ni wale waliorudishwa. Wa nne alikuwa kijike chenye doa shingoni.

Nitalisema wazi. Haikuwa lazima nimlete. Madai yalikuwa juu ya madume watatu, na madume watatu wangetosha. Lakini miezi ile mimi na yeye tulikuwa tumekwenda porini kila asubuhi, na alikuwa amekuwa mbwa ambaye sijaona mfano wake, hapa wala huko. Alikuwa na pua ya baba na miguu ya mama, na akili ambayo sijui aliitoa wapi. Ndiye niliyempanga kuwa mama wa kizazi changu chote, hata kwa kumrudisha kwa baba yake mara moja, kama wafanyavyo wazalishaji damu ikielekea kukatika. Nilitaka waone. Nimezoea kuonyesha nilicho nacho, na siku ile sikuweza kujizuia.

Dume wa mtani alitangulia. Alikata uwanja vizuri, akageuka ghafla na kuganda kwenye ukingo wa tuta. Mtani akaanza kunong'ona kwamba ndiyo hiyo, ameanza kusali. Mama alimkatiza kwa mkono. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua na kanga kiunoni, akatembea mpaka alipo mbwa, polepole, akainama. Hakumtazama usoni. Aliweka kiganja kwenye paja, akakiacha pale kama anavyokiacha kwenye jani, kisha akautazama mkia kwa muda mrefu.

"Anatetemeka," alisema. "Lakini mkia uko juu. Mwoga mkia wake hauko hapa."

Akaniambia nipite mbele. Nilipiga hatua nne, nikapiga makofi, na kwale watano wakalipuka kutoka kwenye majani ambayo usingedhani yanaweza kuficha panya. Mbwa aliwafuata kwa macho tu. Katekista, mtu wa kuwinda kanga tangu utotoni, alivua kofia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ina maana yeye alikuwa anampiga mbwa kwa sababu ya kumwonyesha ndege. Nikamwambia ndiyo. Akaenda kumfungua wake mwenyewe, na nilimheshimu kwa hilo kuliko wengi walionipongeza baadaye.

Wa katekista alisimama mara mbili. Dume wa mama, yule mwenye kifua kipana, alifanya kazi ya haki, ingawa alisogea kidogo ndege waliporuka. Mama aliliona hilo kabla yangu. Aliniuliza kama ni kosa. Nikakubali ni kosa. Akasema alijua, alilihisi pajani kabla mguu haujanyanyuka. Miaka yangu yote ya kuandika alama pembeni ya mahakimu sikuwahi kumwona aliyehukumu kwa kiganja mbwa akiwa kazini. Nilisimama nyuma yake nikijifunza, na mimi si mtu wa kujifunza kirahisi.

Mwisho nikamwachia kijike akimbie pamoja na dume wa mtani. Dume alikuwa mbele. Alisimama tena, mbali, karibu na kichaka. Kijike alikuwa anakuja kwa kasi kutoka upande wa chini, upepo ukiwa mgongoni mwake, hawezi kunusa chochote. Alipoinua kichwa akamwona mwenzake amesimama, naye akasimama, hatua thelathini nyuma, mguu hewani, manyoya yake mafupi yakipeperuka.

"Na huyu amenusa nini?" mama aliuliza.

"Hajanusa kitu, mama. Amemwona mwenzake kasimama. Hatapita mbele yake."

Mtani alipiga ulimi. "Huyu kalelewa. Amemwamkia mkubwa."

Huko kusini wanamfundisha mbwa hilo kwa kamba na kwa miezi. Huyu sikuwahi kumfundisha. Mama alikwenda mpaka kwake, akapiga magoti kwenye udongo wa karanga, akampitisha mkono kutoka kichwani, shingoni kwenye lile doa, begani, mbavuni, pajani. Hakuruka mahali. Ndege waliruka kule mbele kwa makofi ya mtani, na kijike hakugeuza hata sikio. Mama aliuacha mkono wake pale baada ya ndege kupotea.

Tulirudi barazani kwake. Alitoa madaraja bila karatasi. Kijike wa kwanza. Dume wa mtani wa pili, wa katekista wa tatu, wake mwenyewe wa mwisho. Nilimwambia kwamba ningepewa kalamu ningeandika hivyo hivyo, na nilikuwa nasema kweli.

Mtani alimfungua dume wake, akasema anamchukua, lakini kwa fedheha aliyopata ya kuangukia tuta anadai majogoo wawili juu. Nikamwambia atapata mmoja. Katekista alimkumbatia wake shingoni hadharani, mzee mzima. Deni la kwanza na la pili yalikuwa yamelipwa, na nilianza kuongea kwa sauti yangu ya kawaida, nikieleza mipango ya msimu ujao.

Mama alikuwa ameingia ndani. Alitoka na kamba mpya ya katani. Alimpita dume mwenye kifua kipana, akampita bila kumtazama, akamfunga kijike.

Nilisimama. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba yule si wa kulipia. Ni mbegu. Nikamweleza kwamba dume ni mzee, kwamba huyu ndiye jike pekee mwenye damu ile nchi nzima kwa ninavyojua, na kwamba nitampa dume wake pamoja na mbuzi wawili, na mtoto wa kwanza wa tumbo lijalo. Mtani, ambaye angeweza kutia mzaha hapo, aliangalia viatu vyake.

"Mwanangu," mama alisema, "ulipokuja hapa ulikuwa huna jike. Mimi nilikuwa na mmoja. Nilikupa."

Nimesoma, nimesimama ulingoni mbele ya watu wa kila lugha, ninajua kuongea. Lakini sharti nililijua tangu mwanzo: anachagua upya, kutoka kwa wote utakaokuwa nao siku hiyo, haulizwi kwa nini. Na siku hiyo nilikuwa naye kwa sababu nilimleta mwenyewe, kwa hiari yangu, ili asifiwe.

Nikapiga magoti, nikalegeza fundo la kamba maana lilikuwa limekaa karibu na koo, nikalifunga upya vizuri, vidole viwili vipite chini yake. Nikamweleza mama anakula nini na mara ngapi, sindano ya nagana inachomwa lini, na kwamba ngurumo za radi zinamsumbua. Alirudia kila kitu nilichosema ili nisikie ameshika. Kisha nikampa mkononi mwake ncha ya kamba. Kufikia saa sita mchana wa siku ile hapakuwa na mtu Kigwa wala Goweko aliyenidai mtoto wa mbwa.

Alitupa ugali na karanga za kutwanga, tukala. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani, kijike akitembea kulia kwake kama amefanya hivyo siku zote. Nilimfunga dume mwenye kifua kipana nyuma ya pikipiki, ndani ya tenga.

"Akiingia joto nitakutumia ujumbe," mama alisema. "Uje na yule dume wako mzee. Na usije kunisomea karatasi. Uje uombe kama ulivyoomba mwanzo."

Nilimwambia nitakuja. Aliinama kumpapasa kijike shingoni, akarudi kwenye tumbaku yake, nami nikawasha pikipiki.